Kreatinini 128, napiga chuma na kula protini nyingi: figo zinakufa au kipimo kinanidanganya?

#1 ChumaTabata

Wakuu habari za jioni.

Naomba mnisome mpaka mwisho maana toka juzi usingizi hauji. Nina miaka 31, kilo 94. Napiga chuma mwaka wa sita sasa, siku tano kwa wiki. Sinywi pombe, sivuti. Kazini tumepimwa afya kama ilivyo kila mwaka, majibu yangu yamerudi na kreatinini 128, kile kipimo cha damu cha figo, na chini yake maabara wameandika uchujaji wa figo 66, wamezungushia na kalamu nyekundu.

Daktari aliyenisomea aliniangalia mwili akauliza nakula nini. Nikamweleza ukweli: mayai sita asubuhi, kuku au samaki mchana, maharage na dagaa jioni, na unga wa protini vijiko viwili vya kopo. Nikipiga hesabu inafika kama gramu 200 kwa siku. Akasema figo zimeanza kuchoka kwa sababu ya hiyo protini, niache yote, nirudi kwenye ugali na mchicha.

Baba yangu mdogo alifariki akiwa anasafishwa damu. Alikuwa na kisukari, lakini nilimwona alivyoisha. Ndiyo maana naogopa. Unga nimeshamgawia jirani. Naulizia tu: kuna mtu humu alishapitia hili? Kweli mayai na kuku vinaua figo?

#2 MtuWaReli

Pole sana mkuu. Daktari amekwambia ukweli, msikilize. Shemeji yangu ana tatizo la figo na kitu cha kwanza alichokatazwa ni nyama na maharage. Protini ni mzigo kwa figo, hilo lilijulikana zamani. Mwili mkubwa hauna maana ukiwa kitandani.

#3 MuuguziWaZamu

Kaka Tabata, pole kwa hofu. Nipo kliniki ya figo mwaka wa tisa. Kabla hatujaihukumu protini nijibu haya:

Siku moja kabla ya kutoa damu ulifanya mazoezi? Usiku wake ulikula nini? Unatumia kreatini, ile poda nyeupe? Unameza dawa za maumivu? Presha ilisoma ngapi? Mkojo ulipimwa, na kama ulipimwa waliangalia nini?

#4 ChumaTabata

Dada asante. Jioni yake ilikuwa siku ya miguu, skwati nzito kabisa. Usiku tulikwenda kula nyama choma na washkaji, nilikula kama nusu kilo. Kreatini natumia gramu tano kila siku, mwaka wa pili huu.

Presha ilisoma 148 kwa 94, wakasema labda ni kwa sababu nilipanda ngazi. Mkojo walipima sukari tu. Dawa za maumivu, bega la kulia linanisumbua tangu mwaka jana, kwa hiyo nameza diklofenaki. Si kila siku. Tuseme mara nne kwa wiki, kabla ya siku za kifua na mabega.

#5 MuuguziWaZamu

Umejibu vizuri, na majibu yako yana habari kubwa kuliko hiyo 128. Nitaandika kwa urefu kwa sababu kila mwezi nakutana na kijana wa aina yako kliniki.

Tuanze na majina maana yanachanganya. Kreatini ni ile poda, na mwili wenyewe unaitengeneza, na imo kwenye nyama na samaki. Inakaa kwenye misuli. Kila siku sehemu yake ndogo huvunjika na kuwa kreatinini, ambayo ni taka, inaingia kwenye damu na figo zinaitoa. Kwa hiyo kreatinini ya kwenye damu inategemea mambo mawili: figo zinatoa kiasi gani, na msuli unaingiza kiasi gani. Ukiwa na msuli mwingi unaingiza mwingi. Ukinywa kreatini ya kopo unaongeza tena. Na nyama iliyopikwa sana, kama hiyo choma yenu, kreatini yake huwa imeshageuka kreatinini jikoni, unaila ilivyo. Skwati nzito ya jana yake nayo inaipandisha. Wewe ulikwenda maabara ukiwa na vyote vinne.

Figo mbili huchuja karibu lita 180 kwa siku, kisha karibu maji yote hurudishwa kwenye damu na sisi tunakojoa lita moja na nusu au mbili. Huo uchujaji hatuupimi moja kwa moja kwenye vituo vyetu. Tunaukadiria kwa hesabu inayochukua kreatinini, umri na jinsia. Hesabu haijui kama una kilo 55 au 94, haijui kama ni msuli au mafuta. Inakuchukulia mwanaume wa kawaida wa miaka 31 mwenye 128, ndipo ikatoa 66. Kwa mwanaume wa kawaida wa umri huo ningeogopa pia.

Na kinyume chake ndicho kinaniuma zaidi kazini: bibi mwembamba wa kilo 40 anakuja na kreatinini nzuri kabisa kwenye karatasi, wanamrudisha nyumbani, kumbe figo zimeshakwenda na msuli wake mdogo ndio unaificha habari.

Kwa hiyo fanya hivi. Simamisha kreatini wiki tatu. Siku tatu kabla ya kipimo usiguse chuma, usiku wa mwisho usile nyama, kunywa maji kawaida tu. Halafu rudia kreatinini. Omba pia sistatini C. Hiyo ni protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote za mwili, haifuati ukubwa wa msuli kama kreatinini. Si kila maabara wanayo, sampuli inaweza kusafirishwa, na bei yake si ndogo. Na cha tatu, ambacho ni rahisi na kila mtu anakisahau: mkojo. Omba uwiano wa albumini, ambayo ni protini ya damu, na kreatinini kwenye mkojo wa asubuhi. Ukiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu, vichujio vya figo havivujishi. Mazoezi makali yanaweza kuvujisha protini kidogo kwa siku moja au mbili, ndiyo maana nasisitiza upumzike kwanza.

Hata majibu yakiwa mabaya, ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa karatasi moja. Lazima hali idumu zaidi ya miezi mitatu.

Lakini hiyo presha na hiyo diklofenaki, kaka, vinanisumbua kuliko mayai yako. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote huzuia kemikali zinazouacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Mshipa unabana, damu inapungua. Ukimeza ukiwa umetoka jasho la saa moja na nusu kwenye jimu isiyo na feni, figo inakaa bila damu ya kutosha. Na dawa hizo zinapandisha presha. Mara nne kwa wiki si "si kila siku". Ni karibu kila siku.

#6 MtuWaReli

Dada muuguzi nakuheshimu, ila hujagusa hoja yangu. Kama protini haina shida, kwa nini kliniki yenu hiyo hiyo inawakataza wagonjwa? Shemeji alipewa karatasi imeandikwa kabisa.

#7 Lishe_Iringa

Swali la MtuWaReli ni la haki na linahitaji jibu kamili. Mimi ni mtu wa lishe, nimesomea, na hili nimelifuatilia kwa sababu mwenyewe nanyanyua.

Hofu hii ina historia. Mwaka 1982 Barry Brenner na wenzake, Marekani, walitoa wazo kwamba kula protini nyingi hupandisha msukumo ndani ya vichujio vya figo, na kwamba msukumo huo ukiendelea miaka na miaka vichujio hupata makovu. Ushahidi wao mkubwa ulitoka kwa panya, wengi wao wakiwa wamekatwa sehemu kubwa ya figo. Kwa figo iliyobaki kipande, wazo hilo limesimama vizuri mpaka leo. Tatizo ni pale lilipohamishwa likapachikwa kwa kila mtu anayekula mayai.

Ni kweli ukila protini nyingi uchujaji unapanda. Unapanda pia kwa mama mjamzito, na mimba haimwachi na ugonjwa wa figo kwa sababu hiyo. Kupanda kwa uchujaji peke yake si jeraha. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2018 walikusanya tafiti 28 zenye watu 1,358 wasio na ugonjwa wa figo, wakalinganisha wanaokula protini nyingi na wanaokula kidogo au wastani. Hawakuona uchujaji ukiharibika. Mwaka 2016 Marekani wanaume 14 waliozoea chuma walifuatwa mwaka mzima, wakila gramu 2.5 mpaka zaidi ya 3 kwa kila kilo ya mwili. Vipimo vya figo, ini na mafuta ya damu vilibaki sawa.

Nisiwafiche udhaifu wake: watu 14 ni wachache, na zile 28 nyingi ni za wiki na miezi. Hakuna aliyewalisha watu gramu 200 kwa miaka thelathini akawapima. Kwa hiyo mimi nasema "hakuna ushahidi wa madhara kwa figo nzima", siendi mbele ya hapo.

Sasa shemeji yako. Kuna utafiti wa wauguzi wanawake Marekani, ulitoka 2003, wanawake 1,624 kwa miaka 11. Waliokuwa na figo nzima, wingi wa protini haukuhusiana na figo kushuka. Waliokuwa wameanza na figo zilizopungua kidogo, protini nyingi ilikwenda pamoja na kushuka kwa kasi zaidi, hasa ya nyama. Utafiti ule ule, majibu mawili. Ndiyo maana mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unamweka mgonjwa aliyefika hatua ya tatu na kuendelea, asiyesafishwa damu, kwenye gramu 0.8 kwa kilo, na unasema aliye katika hatari ya kuzidiwa asivuke gramu 1.3. Karatasi ya shemeji iko sahihi. Ni ya shemeji.

Ndiyo maana pia kipimo kinakuja kabla ya kopo. Ugonjwa wa figo hauumi mwanzoni, unaweza kuwa nao ukavunja rekodi yako ya benchi.

#8 MtuWaReli

Hapo nimekuelewa kaka. Nilichukua karatasi ya mgonjwa nikawapa wazima. Tabata, nisamehe kwa kukuongezea hofu.

#9 KisauniDoha

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Doha kazi ya ulinzi, kambini tuna chumba cha vyuma. Nataka niseme habari ya mawe ya figo maana huku yametushika wengi.

Mwaka jana nilipata maumivu ya ubavuni mpaka nikalala chini bafuni. Jiwe. Daktari aliniuliza mambo matatu: wanywa maji kiasi gani, wala nyama kiasi gani, na chumvi. Mimi nilikuwa nasimama juani kwa muda wa saa kumi na mbili, nikinywa lita moja na nusu labda, kisha usiku kuku mzima na unga. Alinieleza nyama nyingi huufanya mkojo uwe na asidi, huongeza kalisiamu na asidi ya yuriki ndani yake, na hupunguza sitreti ambayo ndiyo huzuia mawe. Ukijumlisha na jasho, mkojo umekuwa mzito kama chai ya rangi, jiwe lapata pa kuanzia.

Sikuacha protini. Nimepunguza nyama, nimeongeza maharagwe na maziwa, ndimu siachi, na chupa ya maji naitembeza nayo. Natazama rangi ya mkojo. Wenzangu wa Dar na Mombasa joto lenu si dogo, msilidharau hili.

#10 DadaSkwati

Naomba niulize na mimi, samahani kwa kuingilia. Mwaka 2021 nilimtolea kaka yangu figo. Niko mzima, nimerudi mazoezini mwaka huu kwa ruhusa ya daktari. Mwalimu wa jimu amenipangia gramu 2 kwa kilo kama wenzangu. Mimi nina moja. Nifanyeje?

#11 MuuguziWaZamu

Dada yangu, kwanza Mungu akulipe kwa ulichomfanyia kaka yako.

Mwalimu wako hajui habari yako, au anaijua na hajaipima. Figo yako iliyobaki imeshapanua kazi yake, inachuja zaidi ya ilivyokuwa inachuja ilipokuwa na mwenzake. Kile alichoeleza Lishe kuhusu panya kinakugusa wewe kuliko Tabata. Usipande mpaka gramu 2. Mimi ningebaki karibu na gramu 1 mpaka watu waliokufanyia upasuaji waseme vingine, na hao ndio wa kuwauliza, sio sisi wa humu. Mazoezi endelea. Presha pima kila mwezi. Diklofenaki na ibuprofeni usiguse kabisa, ukiumwa sema parasetamoli.

#12 KifuaChaZamani

Nimeusoma uzi huu mara mbili. Nimejiunga leo ili niandike.

Nilianza chuma 2011. Nilipanda jukwaani mara nne, mara ya mwisho nikiwa na kilo 112 kabla ya kukausha mwili. Kuanzia 2014 nilikuwa nachoma sindano za homoni za kukuza misuli, testosteroni, baadaye trenboloni, na vidonge juu yake. Nilizipata kwa mtu tuliyemwamini. Hakuna aliyenipima damu hata mara moja katika miaka yote hiyo.

Mkojo ulianza kutoa povu. Lilikuwa povu la sabuni, unavuta maji na bado lipo. Nikauliza wenzangu, wakasema ni protini, punguza mayai. Nikapunguza mayai. Sindano sikupunguza. Presha ilifika 180 kwa 110, nikasema ni mwili mkubwa. Miguu ikaanza kuvimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo, nikasema ni maji ya kabla ya mashindano.

Nilipofika hospitali walichukua kinyama cha figo kwa sindano wakakiangalia. Makovu kwenye vichujio. Daktari aliniambia kuna ripoti ya New York ya 2010 ya watunisha misuli kumi waliotumia dawa hizi kwa muda mrefu, tisa wakakutwa na makovu ya aina hiyo. Mmoja aliacha sindano akapata nafuu, akarudia, protini ikaanza kumwagika upya. Aliniambia waziwazi kwamba na wao walikuwa wanakula protini nyingi sana na wana miili mizito, kwa hiyo huwezi kutenga kila kitu, ila sindano ndiyo iliyokuwa kwa wote.

Sasa nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Nina kilo 71. Wenzangu wa zamani wanajua nina "presha".

Naandika kwa sababu kila nikipita jimu yoyote ya mtaani nasikia vijana wanabishana mayai mangapi yanaharibu figo, na chumba cha pembeni mtu anachomwa sindano na mwenzake aliyejifunza kwa kutazama. Nimewaona wakiogopa kiini cha yai na hawaogopi kile kichupa.

#13 ChumaTabata

Kaka KifuaChaZamani, nimesoma nikanyamaza kwa muda. Asante kwa kuandika. Sijawahi kuchoma, ila nimeshaambiwa nianze mara mbili mwaka huu, na mara ya pili nilikuwa nimekaribia kukubali.

#14 Lishe_Iringa

Kaka, pole sana, na asante.

Naongeza jambo linaloungana na hili kwa wanaosema "mimi natumia unga tu". Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilinunua virutubisho 634 vya kawaida kutoka nchi 13, ikatoa majibu 2004. Katika 94 kulikuwa na homoni ambazo kopo halikuziandika. Ni zamani na si unga wa hapa kwetu, lakini kopo lililofunguliwa na kupimwa upya kwenye mfuko wa nailoni dukani, mimi siligusi.

Halafu kiasi. Mwaka 2018 tafiti 49 zenye watu 1,863 wanaonyanyua ziliunganishwa, wakaona faida ya kuongeza protini inaishia karibu gramu 1.6 kwa kilo. Kwa Tabata hiyo ni 150. Zile 50 za juu anazokula huenda hazimdhuru, ila anazilipia bure: mwili unatoa naitrojeni yake, ini linaigeuza yurea, figo zinaikojoa. Akija kupimwa yurea itasoma juu kidogo na ataogopa tena bila sababu.

Na 150 haihitaji kopo. Yai moja lina gramu 6. Kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, gramu 100 za nyama zina kama 30. Maharage yaliyoiva gramu 100 zina 8 au 9, sahani ya kushiba ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Maziwa glasi moja, 8. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hakuna unga dukani unaofika huko kwa bei ya dagaa wa Mwanza. Tatizo la dagaa ni chumvi kwa wale wa kukaushwa na chumvi. Waloweke, mwaga maji, hasa mwenye presha.

#15 BenchiNaMaji

Mkuu Lishe, na mkojo kuwa mweusi baada ya mazoezi je? Kuna dogo wa kwetu alifanya skwati mia tatu kwa changamoto ya mtandaoni, kesho yake anakojoa rangi ya kahawa, mapaja hayagusiki. Anasema ni protini ya jana.

#16 MuuguziWaZamu

Benchi, mpeleke hospitali leo hii, usisubiri kesho. Huo ni msuli uliovunjika kwa wingi, vilivyomo ndani vinamwagika kwenye damu na kuziba mirija ya figo. Asimeze diklofenaki kwa hayo maumivu. Waambie wapime CK, kimeng'enya kinachomwagika msuli ukivunjika, na potasiamu. Nijibu ukifika.

#17 BenchiNaMaji

Tumefika. Wamemlaza, wamemtundikia dripu, CK wamesema iko juu sana. Asante dada, kweli tulikuwa tunamkanda kwa maji ya moto tu.

#18 BenchiNaMaji

Siku ya nne. Mkojo umerudi rangi ya kawaida, figo wamesema zimepona, kesho anatoka.

#19 ChumaTabata

Wakuu nimerudi, wiki ya sita leo tangu nifungue uzi. Nilisema nitaleta majibu.

Nilifuata maelekezo ya dada muuguzi yote. Kreatini nilisimamisha, siku tatu sikugusa chuma, usiku nilikula wali na mboga. Kreatinini imeshuka mpaka 109. Kwa hesabu ile ile uchujaji ni 80. Sistatini C imesoma 0.84, uchujaji wake unakuja 110. Albumini kwenye mkojo 11. Nilikwenda kwa daktari bingwa wa figo, akazipanga karatasi zote mezani, akasema figo ziko salama na 128 ile ilikuwa misuli, choma, poda na skwati. Hakunikataza protini. Amesema nibaki kwenye 150 na nisiende 200 bila sababu, hasa kwa kuwa ukoo una kisukari, na nipime kila mwaka.

Lakini hakuniachia hapo. Alinipima presha mara tatu, nikiwa nimekaa, bila ngazi yoyote: 146 kwa 92. Akanipa mashine nikapima nyumbani wiki nzima, ikawa hivyo hivyo. Diklofenaki nimeacha tangu siku ile dada aliponiandikia. Kuna poda nyingine ya kunywa kabla ya mazoezi ambayo sikuwatajia, nayo nimeacha, maana ina kafeini nyingi. Bega nimekwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kumbe nilikuwa nashusha chuma vibaya. Wiki hii presha inasoma 134 kwa 85, nimeambiwa nirudi baada ya mwezi kuona kama nitahitaji dawa.

Nikifikiria kwamba nilikuwa naacha mayai na kuendelea na vidonge, mwili unasisimka.

#20 DadaSkwati

Hongera kaka. Na mimi kliniki wamenijibu: gramu 1 kwa kilo, chuma ruksa, presha kila mwezi. Mwalimu nimemwonyesha karatasi, amebadilisha mpango.

#21 KifuaChaZamani

Hongera sana mdogo wangu. Nimefurahi kuliko unavyoweza kujua.

#22 ChumaTabata

Kaka Kifua, nimeona kwenye uzi mwingine umeandika kwamba ukitoka kwenye mashine miguu inakuwa mizito na daladala ni shida. Ijumaa sina zamu na gari ninalo. Nimekutumia ujumbe pembeni, nijibu ni geti lipi na unatoka saa ngapi.